Mtoto Mpweke na Wafu Watembeao: Utetezi wa Hadithi "Isiyo na Funzo"

Muhula uliopita kamati ya uhariri ya chama chetu ilipokea hadithi 14 za watoto kutoka kwa wanachama, nasi tukaketi kuzichuja ili zibaki sita. Miongoni mwazo mlikuwa na moja iliyomhusu mvulana wa darasa la tano aliyehamia mtaa mgeni, akakosa wa kucheza naye, hatimaye akafanya urafiki na ndondocha aliyekuwa akipalilia shamba la jirani usiku wa manane. Ndondocha mwenyewe hakujua kusalimu wala kuaga, na kila alipofundishwa bao alizimeza komwe. Tulicheka sote, tena kwa sauti. Kisha mwenzetu mmoja akauliza, "Lakini funzo lake ni lipi?" Kimya kikatanda. Kura ikapigwa, hadithi ikatupwa. Nami pia niliuinua mkono wangu kuitupa, na makala haya ni namna yangu ya kuushusha.

Ninashikilia kuwa tulikosea, tena tulikosea mahali ambapo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hafai kukosea. Hadithi ya kuchekesha inayomkutanisha mtoto mpweke na mfu atembeaye si upuuzi ulioingia kwetu kupitia runinga. Ni mojawapo ya njia chache alizo nazo mwandishi za kuuzungumzia upweke wa mtoto bila ya kumwaibisha mtoto huyo. Wala sikulijua hilo kwa kusoma nadharia. Nilijulishwa na mpwa wangu.

Mpwa wangu ana umri wa miaka 10. Mama yake alihamishwa kikazi kutoka Kakamega hadi Nairobi, na likizo ilipofika nilikaa nao majuma mawili. Katika shule yake mpya hakuwa amepata rafiki hata mmoja. Hakulalamika, maana watoto wa namna hiyo aghalabu hawalalamiki. Alikuwa tu mwepesi mno wa kukubali kutumwa dukani, na akirudi hukawia mlangoni akitazama wenzake wakicheza mpira uani. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza ambacho mama yake alikuwa amekiokota kwenye meza za vitabu kuukuu mjini. Kiingereza chake kingali kinachechemea, basi akaniomba nimsomee, nami nikawa namfasiria papo kwa papo kila jioni baada ya chajio.

Kitabu hicho ni *The Last Kids on Earth*, yaani "Watoto wa Mwisho Duniani", cha Mmarekani Max Brallier, chenye michoro ya Douglas Holgate. Kilitoka mwaka wa 2015, kikazaa mfululizo mrefu wa vitabu, na mwaka wa 2019 kikageuzwa kuwa filamu ya katuni ya vipindi. Mhusika mkuu, Jack Sullivan, ni yatima wa miaka 13 ambaye amekuwa akihamishwa kutoka familia moja ya kumlea hadi nyingine. Mazimwi na mazombi wanapouvamia mji wake wa Wakefield, familia iliyokuwa ikimlea inatimua mbio na kumsahau nyuma kama mtu anavyosahau mwavuli. Jack anajihami katika nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mti, na ili asirukwe na akili anajipangia orodha ya matendo ya kishujaa ya kutimiza, kana kwamba maangamizi ya dunia ni mchezo wa kompyuta.

Muhtasari huo utamfanya msomaji wetu akunje uso. Nilikunja wangu. Ila kadiri nilivyoendelea kufasiri ndivyo nilivyoona kwamba mazombi si kiini cha kitabu. Kiini ni hesabu ya watu. Anaanza akiwa peke yake mtini. Anapatikana Quint, mpenda sayansi anayebuni mitambo isiyotabirika. Anapatikana Dirk, mnyanyasaji aliyekuwa tishio la shule nzima, ambaye sasa hana wa kumnyanyasa na kwa hiyo hana budi kujifunza kuwa mwenza. Linapatikana zimwi mfano wa jibwa, Rover, ambalo Jack analifuga. Na yuko June, msichana ambaye Jack amejiaminisha kwamba anangojea kuokolewa. Anapomfikia baada ya taabu kubwa anakuta binti amekwisha kujiokoa zamani, tena ameudhika kwa kudhaniwa mnyonge. Mpwa wangu alicheka hapo hadi akapaliwa. Ni kicheko cha mtu anayetambua: yeye pia alikuwa akipanga, ndani kwa ndani, jinsi atakavyofanya tendo moja la ajabu ili wenzake wamtake. Kitabu kinamwambia kwa upole kwamba urafiki haupatikani hivyo, na kinamwambia akiwa anacheka.

Katika kitabu cha tatu, kilichotoka mwaka wa 2017, watoto hao wanasikia kwenye redio kwamba kuna binadamu wengine walionusurika. Wenzake wanashangilia kwa kuwa wana wazazi wa kuwatafuta. Jack peke yake ndiye anayenywea. Kwake yeye, kuokolewa ni kurudishiwa upweke wake. Nilipomsimulia mpwa wangu sehemu hiyo (kitabu chenyewe hatukuwa nacho), alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Mjomba, kwani kabla ya mazombi alikuwa anakula na nani?"

Nimesoma vitabu vingi vya ziada vya shule za msingi na maswali ya ufahamu yaliyopangwa nyuma yake, na sijaona hata moja linalolikaribia swali hilo.

Pingamizi la kwanza nililolisikia katika kamati, na ambalo nililiunga mkono wakati ule, ni kwamba zombi ni mgeni. Sharti tulikabili kwa lugha, kwa kuwa ndiyo taaluma yetu. Neno lenyewe wanaisimu hulirejesha Afrika ya Kati, katika Kikongo na lugha jirani zake, ambamo *nzambi* ni Mungu au roho, na *nvumbi* ni maiti. Lilivuka bahari katika mashua za watumwa hadi Haiti. Huko, katika mashamba ya miwa ya Wafaransa, likapata maana ya kutisha kuliko zote: mtu aliyekufa akafufuliwa ili aendelee kufanya kazi. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa pumziko la pekee lililosalia, na zombi ni yule aliyenyang'anywa hata hilo. Wamarekani walilichukua neno hilo baada ya jeshi lao kuikalia Haiti kuanzia mwaka wa 1915. William Seabrook akalieneza kwa kitabu chake cha mwaka wa 1929, na filamu ikafuata mwaka wa 1932. Yule mfu mla watu anayetembea kwa makundi ni uzao wa filamu ya George Romero ya mwaka wa 1968, ambayo ndani yake neno zombi halitamkwi hata mara moja. Kwa hiyo tunapomfukuza zombi mlangoni kwa kuwa ni Mzungu, tunamfukuza jamaa aliyeuzwa utumwani, akarudi amevaa nguo za Hollywood.

Aidha, hatukuhitaji kwenda Haiti. Tanzania wanaye msukule, na wanaye ndondocha. Mambo yanayosimuliwa juu yao yanafanana na ya Haiti kwa namna inayosisimua mwili: mtu anadhaniwa amekufa, jamaa wanazika kinachoonekana kuwa maiti, kumbe ni gogo la mgomba, mwenyewe amechukuliwa na mchawi, amekatwa ulimi, analishwa pumba na kulimishwa usiku. Kinachotisha katika masimulizi hayo hasa ni nini? Kazi ngumu tunaijua, na pumba si jambo la kuogofya kiasi hicho. Kinachotisha ni kwamba mama yako anapita karibu nawe njiani na hakuoni. Umekwisha kuliliwa, matanga yameanuliwa, na wewe uko pale pale. Msukule ni mpweke kuliko wapweke wote.

Ndiposa naona kwamba mwanachama mwenzetu aliyemkutanisha mtoto mgeni mtaani na ndondocha hakuwa amejiokotea tu kitisho cha kuchekesha. Alikuwa ameona kwamba hao wawili wako katika hali moja. Wote wawili wanapitwa na watu wasiowaona. Sisi tuliokaa kwenye kamati, tunaojisifu kwa kuchambua jazanda na taashira, tuliona mzaha tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ilisemwa kwamba jamii yetu ingali inaamini uchawi, na kwamba kuwachezea wafu mbele ya watoto ni kuichochea imani hiyo. Silipuuzi. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu 11, wengi wao wanawake wakongwe, waliuawa na kuteketezwa na umati uliowatuhumu uchawi. Hiyo si hadithi. Lakini natofautiana na wanaodhani kwamba hadithi ya kuchekesha ndiyo inayowasha moto wa namna hiyo. Moto huo unawashwa na hofu isiyoruhusiwa kuchekwa.

Iko filamu ya katuni iitwayo *ParaNorman*, iliyoongozwa na Sam Fell na Chris Butler mwaka wa 2012, ambayo ningependa kila mwanachama aitazame kabla ya kulirudia pingamizi hilo. Mvulana Norman anaona wafu na kuongea nao. Bibi yake aliyekufa huketi sebuleni naye kama kawaida. Kwa sababu hiyo darasani hana mwenzi, isipokuwa Neil, mtoto mnene anayechekwa kama yeye, na ambaye anamng'ang'ania kwa urafiki mpaka anachoka kumkataa. Mazombi wanapofufuka tunatarajia wawale watu. Badala yake, wanapoingia mjini ndio wanaotishika, kwa kuwa wenyeji wamewavamia na silaha. Hatimaye tunafahamu kwamba mazombi hao, enzi za uhai wao karne tatu nyuma, walikuwa mahakimu waliomhukumu kifo msichana mdogo kwa kosa la uchawi. Alikuwa na kipawa kama cha Norman, basi. Wazee waliogopa, wakamuua mtoto. Na ghadhabu ya msichana huyo haizimwi kwa upanga wala kwa dawa ya mganga; Norman anamwendea, anaketi naye, anamsikiliza, anamkumbusha mama yake. Nionyesheni kitabu cha maadili kilichosema jambo hilo kwa watoto wa Kisii, wa Kilifi au wa Nairobi kwa nguvu kiasi hicho, nami nitakinyamazia.

Ama pingamizi la tatu, la funzo, hilo ndilo lililoshinda kura. Inafaa tujiulize tumelitoa wapi. Hatukulitoa katika ngano zetu. Wazee waliposema "Paukwa!" na sisi tukaitika "Pakawa!", zimwi lililofuata lilikuwa la kutisha na la kuchekesha kwa wakati mmoja. Lilikuwa na pupa, lilikuwa jinga, lilimtia msichana ndani ya ngoma likazunguka naye vijijini likijipatia chakula kwa sauti yake, na watoto walioketi motoni walicheka lilipodanganywa huku wakisogeleana kwa hofu. Kusogeleana huko ndiko kulikokuwa kazi kuu ya ngano usiku ule. Mtoto aliyeanza hadithi akiwa ameketi pembeni, aliimaliza akiwa amebanwa katikati ya wenzake. Funzo, likiwapo, lilikuja likibisha hodi mwishoni, na mara nyingi fanani alilifungia nje. Ni pale ngano zilipochapishwa kuwa vitabu vya darasani ndipo funzo lilipopewa kiti cha mbele, na zimwi likapunguzwa makali hadi likawa mfano tu wa mtu mwenye tamaa.

Siyo kwamba waandishi wetu hawamjui mtoto mpweke. Kongowea Mswahili wa *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996), anayefunga safari kutoka Tanga kumtafuta babake nchini Kenya, ni mpweke ambaye vizazi vya wanafunzi wa shule za upili wamemlilia, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini tazameni: tumemlilia. Mtoto mpweke katika fasihi yetu ya Kiswahili anaruhusiwa kuwa yatima, fukara, mgonjwa, mwenye bidii ya masomo. Haruhusiwi kuwa kichekesho kwa hiari yake mwenyewe. Anahurumiwa kuanzia ukurasa wa kwanza, na huruma, kama ajuavyo aliyepata kuwa mgeni darasani, haimpi mtoto mtu wa kucheza naye.

Wala mtu asidhani kwamba katika bara hili hakuna aliyetangulia. Amos Tutuola wa Nigeria, katika kitabu chake cha mwaka wa 1954, alimtupa mvulana mdogo katika msitu wa mizimu akimkimbia mteka watumwa, akamzungusha humo kwa miaka 24 kati ya viumbe wachafu, wakatili na wa kuchekesha. Wapo wasomi wenzake waliomwonea haya kwa Kiingereza chake kilichovunjika na kwa mizimu yake. Leo ni vigumu kuzungumzia riwaya ya Afrika Magharibi bila ya kumtaja. Aibu waliyoiona ndiyo tuliyoiona sisi juzi kwenye kamati, tukiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Sitaki nieleweke kuwa nakisifu kitabu cha Brallier kwa kila kitu. Kina makelele. Mji mzima umeangamia na hakuna anayeomboleza ipasavyo; watu wazima wa Wakefield wamegeuka mazombi, wale waliokuwa walimu na wauza maduka, nao wanageuzwa vikwazo vya kurukwa. Mtunzi wa Kiafrika asingeweza kufanya hivyo. Kwetu mfu ana jina, ana ukoo, kuna mtu anayemdai na mtu aliyemwachia deni. Hapo ndipo ndondocha wa mwenzetu alipompita zombi wa Marekani: katika hadithi yake mvulana alikuwa akijaribu kubaini ndondocha huyo ni mtoto wa nani. Nilisahau kulitaja hilo siku ya kura.

Jambo moja ambalo Mmarekani huyo anatushinda waziwazi ni michoro. Karibu kila ukurasa wa kitabu chake una mchoro wa Holgate, na mchoro huo haurudii maneno, bali unayapinga. Maneno yanasema Jack alisimama imara. Mchoro unamwonyesha akitetemeka. Nusu ya kicheko imo katika mwanya huo. Katika vitabu vyetu vingi, maandishi yakisema Juma alipanda mti, mchoro unamwonyesha Juma juu ya mti. Mtoto hana la kugundua.

Lugha nayo ilinipa kazi niliyoifurahia. Nimwite *zombie* nani? Nilianza na "mfu-hai", mpwa wangu akasema linafanana na jina la dawa. "Zimwi" lilikuwa limekwisha kutumika kwa majitu makubwa yanayotoka kwingineko. "Msukule" alilijua kutokana na filamu za Tanzania, ila akalikataa kwa hoja ambayo sikuitarajia: msukule ana bwana anayemtuma, hawa hawatumwi na yeyote. Tukaishia kusema "zombi, mazombi", na lilipokubaliwa likaanza kuzaa lenyewe: Jack alikaribia "kuzombika", mwalimu mkuu alikuwa na "uzombi" tangu zamani. Wanaodai kwamba Kiswahili hakina mzaha wa watoto wangekaa nasi jioni moja. Sheng nayo ilichungulia mara kadhaa katika mazungumzo ya Jack na Quint, sikuifukuza. Watoto wawili waliokwama mtini hawawezi kuzungumza kama hotuba ya kufungulia kongamano.

Usiku mmoja tulifika pahali mazombi wanapouzunguka mti wakiguna. Nikaguna kama inavyostahiki. Mpwa wangu akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia hawasemi neno, wanaguna tu. Akafikiri. "Labda wanasalimia," akasema, "ila hakuna aliyewafunza."

Siku ya mwisho ya ziara yangu nilimsimulia hadithi ya mwenzetu, yule mvulana na ndondocha wake, kwa kadiri nilivyoikumbuka. Aliisikiliza bila ya kunikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mswada wenyewe ungali kwenye faili la kamati. Aliyeuandika, mwanafunzi wa mwaka wa pili, hajatuletea kitu kingine tangu tumjibu kwa mistari mitatu, na niliandika mmoja kati ya mistari hiyo. Nimekwisha kumwomba katibu aiweke hadithi hiyo katika ajenda ya mkutano ujao, isomwe upya kwa sauti mbele ya wanachama wote, siyo mbele ya watu watano waliochoka saa moja ya usiku. Atakayeipinga aipinge akiwa ameisikia.

Nilipomaliza kusimulia, mpwa wangu alitaka kujua jambo moja tu: zile komwe alizozimeza ndondocha, walizitoaje ili waendelee kucheza? Sikukumbuka kama hadithi ilieleza. Nimemwahidi kumuuliza mwandishi.